Kalori ngapi zinasimamisha uzito? Shajara ya baada ya kupunguza kilo 14

Jumapili, 12 Januari 2025: mahali pa kuanzia

Kupunguza kumekwisha. Nilianza na kilo 84.1, na wastani wa wiki hii ni 70.2. Urefu sentimita 164, umri miaka 38, kazi ya mezani, makazi Umoja, Nairobi, ghorofa ya nne. Miezi yote ya kujinyima nilikuwa naandika kalori 1,500 kwa siku. Swali sasa ni nile kiasi gani ili uzito usipande wala usishuke. Maelezo ya jinsi ya kupunguza yamejaa kila mahali. Ya kesho yake, ukishafika, ni machache, na hapo ndipo wengi ninaowajua huteleza. Naandika kila hatua ikiisha, pamoja na gharama, ili anayetaka kuiga aanzie mbele yangu.

Kwanza vikokotoo. Vingi hutumia fomula ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990. Kwa mwanamke: kilo mara 10, jumlisha sentimita mara 6.25, toa umri mara 5, toa 161. Mwanamume hatoi 161, anajumlisha 5. Kwangu inatoka 1,376, ambazo ni kalori mwili unazoteketeza hata ukishinda kitandani. Halafu unazidisha kwa kiwango cha shughuli: 1.2 kwa anayekaa kutwa, 1.375 kwa shughuli nyepesi, 1.55 kwa za wastani. Basi jibu langu ni 1,650, au 1,890, au 2,130, kutegemea ninavyojisifu. Kati ya la chini na la juu kuna kalori 480, sahani nzima ya mchana.

Njia ya pili ni daftari langu mwenyewe. Wiki nne za mwisho nilipungua kilo 1.2. Kilo ya mafuta ya mwili hukadiriwa kuwa na kalori 7,700. Zidisha 1.2 kwa 7,700, gawanya kwa 28, unapata 330. Nilikuwa nakula 1,500, kwa hiyo matumizi yangu ni 1,830.

Asubuhi hushuka matatu Muthurwa na kupanda barabara ya Haile Selassie kwa miguu hadi kazini Upper Hill, jioni hivyo hivyo, jumla hatua 9,000 hivi. Nimejiweka kundi la "wastani" na kuchagua 2,100. Daftari linasema vingine, najua. Nina njaa.

Vifaa: mizani ya kusimamia ninayo tayari. Mizani ya jikoni ya mshale nimenunua mjini kwa shilingi 450. Daftari shilingi 80. Jagi la kupimia shilingi 150.

Jumapili, 26 Januari: uzito umeruka

Kutoka 70.2 hadi 71.8. Kilo 1.6 katika wiki mbili.

Hapa ndipo mtu hupata kiwewe na kurudi kujinyima. Fanya hesabu kwanza. Kilo 1.6 za mafuta ni kalori 12,320, yaani 880 za ziada kila siku kwa siku 14. Nilikuwa nakula 2,100. Ili ziada iwe 880, mwili wangu ungekuwa unatumia 1,220 tu, chini ya zile za kulala kitandani, na mimi natembea kila siku. Haiwezekani. Sehemu kubwa ni maji. Wanga ukirudi, mwili hujaza tena akiba yake ya wanga, iitwayo glaikojeni, kwenye ini na misuli, na kila gramu ya glaikojeni hukaa na gramu kama tatu za maji. Ongeza chumvi, kwa sababu chakula kikizidi na chumvi huzidi, na ongeza chakula chenyewe kilichomo tumboni. Nimeacha 2,100 ilivyo. Dada mmoja wa chama chetu alikata chakula mzani uliporuka hivi, maji yakatoka, akashangilia, akala, yakarudi, na huo ndio umekuwa mwaka wake.

Kilichokwama ni vipimo. Yafuatayo yamenitafuna zaidi ya njaa yenyewe.

Chapati. Programu ya simu ilinipa kalori 120 kwa moja. Nikaamini hadi Jumapili tulipopika, nikapima kila kitu: unga kilo moja (kalori 3,640), na mafuta kwa kupima chupa kabla na baada, gramu 160 (kalori 1,440). Jumla 5,080, zikatoka chapati 16. Moja ni 317. Ile ya kwenye programu ni ya Kihindi, nyembamba, ndogo, haijapakwa mafuta. Hii yetu ya kukunja na kupaka ni kitu kingine kabisa. Na angalia hapa: wakati wa kujinyima nilikuwa siigusi chapati, kwa hiyo kosa halikuonekana. Vyakula ulivyovikimbia ndivyo hujui kuvipima, na ndivyo vinarudi mezani sasa. Kabla hujapandisha kalori, pika kila kimoja na ukipime mara moja, uandike nambari nyuma ya mlango wa kabati.

Ugali. Nilikuwa napima kipande kilichopikwa na kutafuta kalori za gramu 100. Tatizo ni kwamba siku moja ni mgumu wa kukatwa kwa uzi, siku nyingine mlaini kwa sababu maji yamezidi. Dawa yake ni kupima unga mkavu. Gramu 500 za unga wa mahindi ni kalori 1,800 hivi. Leo ugali wote ulitoka gramu 1,340 (nimeshatoa uzito wa sufuria), kwa hiyo gramu 100 zina kalori 134. Kipande changu cha gramu 250 ni 335. Ukoko uliobaki kwenye sufuria sijauhesabu, na sitauhesabu. Maharagwe, ndengu na githeri vivyo hivyo: pima vikiwa vikavu, halafu gawanya kwa uzito wa chungu kizima.

Chai. Kikombe cha mililita 300, nusu maziwa, vijiko viwili vya sukari vya kujaa: kama 140. Ofisini huja saa nne na saa kumi, na ya nyumbani asubuhi. Zaidi ya 400 kwa siku, na wengi hawaandiki hata moja kwa sababu "ni chai tu."

Mizani ya mshale imenishinda, haioni chochote chini ya gramu 20. Nimeiweka kando, nikanunua ya dijitali kwa shilingi 1,200 na betri za akiba kwa 100. Usianze na ya mshale.

Nambari za vyakula sasa nazitoa kwenye Kenya Food Composition Tables ya 2018, iliyotolewa na serikali pamoja na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Ni bure mtandaoni, na ina vyakula vyetu. Ukisoma pakiti, angalia kama ni kilojuli: gawanya kwa 4.184 upate kalori. Unga ulioandikwa 1,500 si mzito, ni 358.

Jumapili, 23 Februari: 2,100 ni nyingi

Wastani wa wiki 71.8 umekuwa 72.7. Ongezeko la 0.9 katika wiki nne, na safari hii si maji, kwa sababu mruko wa kwanza ulikuwa umetulia. 0.9 mara 7,700 gawanya kwa 28 ni karibu 250. Toa kwenye 2,100: matumizi yangu ni 1,850. Daftari la Januari lilisema 1,830.

Kwa nini wiki nne na si mbili? Kwa akina mama, siku zinazokaribia hedhi mwili hushika maji, na kwangu mzani hupanda hadi kilo nzima bila chakula kubadilika. Ukilinganisha wiki ya pili na ya nne unapima homoni. Linganisha wiki na wiki inayolingana nayo ya mzunguko uliopita. Mwanamume anaweza kuridhika na wiki tatu.

Na kwa nini fomula ilizidisha? Kosa moja ni kipimo cha shughuli nilichochagua: kutembea hadi kazini kisha kukaa saa nane si "wastani." Lingine ni mwili wenyewe. Mwaka 1995 Rudolph Leibel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walionyesha kwamba mtu aliyepunguza asilimia 10 ya uzito hutumia nishati pungufu kuliko inavyotarajiwa kwa mwili wa ukubwa wake mpya. Fomula haijui kama wewe ni kilo 70 wa siku zote au ulishuka kutoka 84. Daftari linajua.

Nimesikia wengi wakisema uongeze kalori 100 kila wiki, polepole, ili mwili "uzoee." Nilijaribu hivyo siku chache za mwanzo wa Januari. Mia moja ni ndogo kuliko makosa ya kupima ya siku moja, sikuweza hata kujua kama nimeiongeza kweli. Kama inakutuliza moyo, fanya. Mimi ningepanda moja kwa moja hadi nambari ya daftari.

Kuanzia kesho: 1,850.

Jumapili, 16 Machi: umesimama

72.6, 72.6, 72.5. Hakuna la ziada.

Ila neno kuhusu 70.2. Sitaurudia, na silii. Uzito wa siku ya mwisho ya kujinyima ni uzito wa mwili uliokauka maji na tumbo tupu. Ukiushika kama lengo utajinyima maisha yako yote ukitafuta maji. Katika kilo 2.3 nilizopanda, 1.6 zilikuja zile wiki mbili za kwanza. Zilizobaki ndiyo bei ya kuchagua 2,100. Sasa nina mipaka: wastani wa wiki ubaki kati ya 71.5 na 73.5. Ukivuka juu wiki mbili mfululizo, nachukua hatua. Ukivuka siku moja, nakunywa chai.

Jumapili, 6 Aprili: chupa ya mafuta

Kutoka 72.5 hadi 73.0 katika wiki tatu, na daftari linasema 1,850 kila siku bila kuteleza. Hesabu inanidai kalori 180 kwa siku ambazo sijaziandika.

Kilichobadilika nyumbani ni kimoja: binamu yangu amekuja kukaa nasi tangu katikati ya Machi, na kwa kuwa anafika mapema ndiye anayepika jioni. Anapika vizuri kuliko mimi, nikiri. Sukuma yake inang'aa. Nilipomuuliza anaweka kiasi gani, akacheka: "Dada, mboga bila mafuta si ni kama kula nyasi?"

Sikumfuata na kijiko. Nilipima chupa. Jumamosi hadi Jumamosi zilitoka gramu 1,250. Kila gramu ya mafuta ni kalori 9, kwa hiyo ni 11,250 kwa wiki, 1,607 kwa siku, na tuko watano: 321 kwa kila mtu. Watoto hula kidogo, basi sehemu yangu ni zaidi. Mimi kwenye daftari nilikuwa naandika vijiko viwili vidogo, kalori 80, tangu mwaka jana.

Hebu tuangalie ya zamani pia. Kabla hajaja tulikuwa wanne, na chupa ya lita moja (gramu 920 hivi) ilikuwa ikitufikisha kama siku 12. Hiyo ni 172 kwa mtu. Kumbe hata wakati wa kujinyima nilikuwa napunja daftari kalori 90 kila siku, na bado hesabu ya 1,830 ilinitoka sawa!

Hili nililiwazia kwa muda, na naliona ndilo la maana kuliko yote niliyoandika hapa. Kosa linalojirudia vilevile kila siku halina madhara, kwa sababu limo kwenye kujinyima na limo kwenye kusimamisha. Linaloharibu ni kosa linalobadilika: mpishi mpya, chapati iliyorudi mezani, kibanda kipya cha mchana. Ndiyo maana 1,850 yangu haiwezi kuwa 1,850 yako hata tukilingana kilo na urefu. Ni nambari ya daftari langu, na jiko langu, na mkono unaomimina. Ukinakili nambari ya mtu umenakili na makosa yake. Nakili njia.

Marekebisho: kila asubuhi tunapima gramu 120 za mafuta kwenye kikombe cha plastiki, na hayo ndiyo ya nyumba nzima kwa siku. Binamu amekubali baada ya kuambiwa kwamba Jumapili ya chapati haimo kwenye sheria. Sehemu yangu ni 216, naiandika bila kufikiri. Na kwa kuwa sasa mafuta yanaandikwa yote, nambari lazima ibadilike: 1,850 jumlisha zile 90 zilizokuwa zimefichwa, yaani 1,940. Sijaongeza hata punje ya chakula. Daftari ndilo limeacha kusema uongo.

Gharama: sifuri. Kwa kweli tumeokoa, maana sasa ni gramu 840 kwa wiki badala ya 1,250, ukiacha za Jumapili.

Jumapili, 27 Aprili: mvua na Pasaka

Pasaka (tarehe 20) tulikuwa kwa wazazi, Murang'a. Mama aliniangalia mlangoni akasema nimekonda nimebaki macho, na baada ya hapo sikuwa na mamlaka juu ya sahani yangu. Mukimo, nyama ya mbuzi, chai isiyoisha. Sikuandika chochote siku zile, na sikubeba mizani. Kupima mukimo wa mama mbele yake ni utovu wa adabu. Jumanne mzani ulisoma 74.3. Ijumaa 73.3. Sikukata chakula, nilirudi tu kwenye 1,940. Sikukuu haikuharibu kitu.

Mvua ndiyo imeharibu. Masika yameshuka na Haile Selassie imekuwa mto. Nauli ya matatu hupanda tone la kwanza likianguka, hata hivyo nalipa, sitembei. Hatua zimeshuka kutoka 9,000 hadi 5,000. Hatua 4,000 ni kama kilomita tatu, na kwa uzito wangu hizo ni kalori 100 hadi 150. Wastani wa wiki hii ni 73.2, na hata nikitoa maji ya Pasaka, mwelekeo ni wa kupanda.

Nilijaribu kufidia kwa kupanda na kushuka ngazi za jengo usiku. Haikudumu. Mlinzi aliniuliza mara mbili kama nimepoteza kitu, na stima hupotea mvua ikinyesha, ngazi zikawa giza. Njia rahisi ni kuwa na nambari mbili: 1,940 ya kiangazi na 1,840 ya mvua. Ile 100 naitoa kwenye chai: sukari kijiko kimoja badala ya viwili katika vikombe vitatu, na kipande cha ugali kupungua kidogo. Mia moja tu, hata njaa haijui.

Jumapili, 1 Juni: nafunga daftari kwa majaribio

Mei yote kwa 1,840: 73.1, 72.9, 72.8, 72.7, na wiki hii 72.7. Mvua imepungua, nimeanza tena kutembea, kwa hiyo kesho narudi 1,940.

Gharama yote tangu Januari: mizani ya mshale 450 (hasara), ya dijitali 1,200, betri 100, jagi 150, daftari 80. Shilingi 1,980. Mayai na omena nimeongeza kwa ajili ya protini, maana hushibisha na hulinda misuli, lakini nimezipunguza pesa hizo kwenye vitafunio vya saa kumi, sioni tofauti mwisho wa mwezi.

Anayeanza leo na ana daftari la kipindi cha kujinyima, aruke Januari na Februari zangu: achukue kupungua kwake kwa wiki nne za mwisho, afanye ile hesabu ya 7,700, aanzie hapo, na asiguse kitu kwa mwezi mzima. Asiye na daftari aanze na 1.375 ya fomula, si 1.55, hata kama anapiga mazoezi mara tatu kwa wiki. Mwenye kisukari anayetumia dawa, mjamzito, anayenyonyesha, au aliyewahi kuugua kwa kujinyima chakula, asifuate hesabu zangu. Amwone daktari au mtaalamu wa lishe.

Juni na Julai nitakula bila kuandika. Nitapanda mizani kila asubuhi na kuandika wastani wa wiki tu. Ukivuka 73.5 wiki mbili, daftari linafunguliwa. Kikombe cha mafuta kinabaki, kwa sababu binamu bado yupo na juzi nimekuta kimejaa hadi mdomoni. Anasema alimimina akiwa gizani.